Tumbo Limeshiba, Mwili Una Njaa

Safari ya chakula ndani ya mtoto, na mahali mama anapoweza kusaidia



Ilikuwa msimu wa mavuno. Barabara ya kushuka milimani kuja Mbalizi ilijaa magari yaliyobeba magunia ya mahindi. Katikati ya neema hiyo alifika kliniki mama mmoja kijana, mgongoni amembeba mtoto wa mwaka mmoja na miezi minne, na nyuma yake akaja mama mkwe wake. Tulimpima mtoto uzito, kisha tukamlaza kwenye ubao wa kupimia urefu. Urefu wake ulikuwa kama wa mtoto wa miezi kumi.

Tukauliza, "Mama, mtoto anakula?"

"Anakula, Nesi. Anakula mpaka tumbo linakuwa kama ngoma. Kwetu njaa hakuna, ghala limejaa."

Ndipo mama mkwe akasema kwa sauti ya chini, lakini iliyowafikia wote waliokaa kwenye benchi: "Nesi, mwanangu, tusifichane. Mtoto huyu amebemendwa."

Benchi zima likanyamaza. Yule mama kijana akainamisha uso, machozi yakadondokea khanga yake. Ninyi wasomaji wetu hatuna haja ya kuwaeleza uzito wa neno hilo. Linamwambia mwanamke mbele ya watu kwamba mtoto hakui kwa sababu yeye au mumewe hakutulia wakati wa kunyonyesha. Tumeona nyumba zikivunjika kwa neno hilo. Tumeona pia watoto wakipelekwa kwa waganga huku wanachohitaji ni uji ulio bora.

Siku hiyo hatukubishana na bibi. Tulimwamkia, tukamkaribisha akae karibu, tukachukua taulo moja na khanga moja, tukaanza kueleza jinsi chakula kinavyosafiri mwilini. Leo tunaomba tuisimulie safari hiyo tena, kwa faida ya kila mama ambaye mtoto wake anashiba lakini hakui.

MAGHALA YAMEJAA, WATOTO WAFUPI

Mikoa yetu ya Nyanda za Juu Kusini inalisha taifa. Mahindi, maharage, viazi, ndizi za Rungwe, mchele wa Kyela na Usangu, maziwa na maparachichi, vyote viko kwetu. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha jambo la kusikitisha. Kati ya watoto 100 wa Tanzania walio chini ya miaka mitano, 30 wamedumaa, yaani ni wafupi kuliko inavyopasa kwa umri wao. Mkoani Iringa ni 57 kati ya 100. Njombe na Rukwa ni nusu ya watoto wote. Hapa kwetu Mbeya ni kama 32.

Udumavu si ufupi wa ukoo. Mtoto aliyedumaa katika siku 1000 za mwanzo, yaani tangu mimba hadi kutimiza miaka miwili, ubongo wake nao umekosa vifaa vya kujengea. Shuleni huenda akachelewa kuelewa, naye huugua upesi.

Inakuwaje basi njaa ikae katika nyumba yenye ghala? Jibu moja kubwa limo ndani ya utumbo.

CHAKULA KINGALI BARAZANI

Tangu mdomoni hadi njia ya haja kubwa ni bomba moja refu. Chakula kilichomo ndani ya bomba hilo bado hakijaingia mwilini. Ni kama mgeni aliyefika kwako akakaa barazani. Amefika, ndiyo, lakini hajaingia ndani. Mpaka avuke mlango wa utumbo na kuingia katika damu, mwili haujamwona. Wakati tunasema "mtoto amekula", tumelijaza baraza tu. Swali la muuguzi ni hili: je, mgeni ameingia?

Hebu tumfuate mgeni huyu tangu mwanzo.

Mdomoni. Meno yanasaga na mate yanalainisha. Katika mate mna kimeng'enya kinachoanza kuvunja wanga. Tafuna tonge la ugali mkavu kwa muda mrefu bila kulimeza, utaona linaanza kuwa tamu. Huo utamu ni wanga unaogeuka sukari. Sasa fikiri juu ya mtoto wa miezi minane mwenye meno mawili. Hawezi kusaga punje wala nyama, kwa hiyo kazi ya meno yake ni lazima ifanyike jikoni kwa kuponda, kusaga na kuchuja. Zamani bibi zetu walimtafunia mtoto. Leo hatushauri hivyo, kwa sababu magonjwa hupita kwa njia hiyo. Tumia uma au kinu.

Tumboni. Chakula hushuka kwenye umio, kisha huingia katika mfuko wa tumbo. Hapo kuna tindikali kali inayoua vijidudu vingi, na kuna kimeng'enya kinachoanza kuvunja protini za nyama, maharage na maziwa. Mfuko huo hukanda chakula kama mwanamke anayekanda unga wa maandazi, kwa saa mbili hadi nne, mpaka kinakuwa rojo.

Mambo haya yalikuja kujulikana vizuri kwa ajali. Mwaka 1822, huko Amerika ya Kaskazini, kijana aliyeitwa Alexis St. Martin alipigwa risasi ya bunduki ubavuni. Alipona, lakini tundu la kuingia tumboni halikuziba. Daktari wake, William Beaumont, alifunga vipande vya nyama kwenye uzi, akavitumbukiza tunduni na kuvivuta baada ya saa kadhaa. Aliona kwa macho yake kwamba maji ya tumbo yenyewe huyeyusha nyama.

Utumbo mwembamba. Hapa ndipo penye kazi kubwa. Kwa mtu mzima utumbo huu una urefu wa mita sita hivi, umekunjwa ndani yetu kama kamba. Mwanzoni mwake huingia nyongo kutoka kwenye ini, na maji ya kongosho. Nyongo hufanya kwa mafuta ile kazi ambayo sabuni huifanya kwa sufuria ya mchuzi: huyagawanya yawe matone madogo. Vimeng'enya vya kongosho vinamalizia kazi. Wanga unakuwa sukari ndogo, protini zinakuwa vipande vidogo viitwavyo amino asidi, mafuta nayo yanavunjwavunjwa. Sasa mgeni amevua viatu, yuko tayari kuingia ndani.

Mlango wenyewe. Ukuta wa ndani wa utumbo mwembamba si laini kama khanga. Umejaa vidole vidogo sana visivyohesabika, vilivyosimama kama nyuzi za taulo. Ndiyo sababu siku ile tulichukua taulo. Tulimwaga maji kidogo juu ya khanga, mengi yakateleza yakaanguka chini. Tukamwaga kiasi kile kile juu ya taulo, yote yakanywewa. Wataalamu wamekadiria kwamba ukuta wa ndani wa utumbo wa mtu mzima ukikunjuliwa pamoja na vidole vyake vyote, utafikia kama mita za mraba 30, sawa na sakafu ya chumba cha mita tano kwa sita. Mwenyezi Mungu ameikunja sakafu yote hiyo ndani ya tumbo la mtu mmoja!

Ndani ya kila kidole kuna mishipa midogo ya damu inayopokea sukari na protini na kuzipeleka kwenye ini. Kuna pia mfereji mwembamba unaopokea mafuta. Ngozi ya vidole hivyo huchakaa na kuota upya kila baada ya siku tatu hadi tano. Mwili unaota ngozi hiyo kwa kutumia protini, vitamini A na madini ya zinki. Kwa hiyo chakula bora hujenga mlango ambao chakula cha kesho kitapitia.

Utumbo mpana. Mabaki yanafika hapa yakiwa na maji mengi. Utumbo mpana hurudisha maji hayo mwilini, na bakteria wema wanaoishi humo hula makapi tusiyoweza kuyavunja sisi. Kinachosalia ndicho choo.

TAULO LIKICHAKAA

Sasa tuseme mtoto anatambaa uani. Kuku wamepita, naye anaokota udongo anautia mdomoni. Maji ya kunywa yametoka mtoni na hayakuchemshwa. Uji uliopikwa alfajiri unanywewa saa tisa mchana. Kila siku vijidudu vinaingia kidogo kidogo. Huenda mtoto asiharishe kabisa, lakini utumbo unakaa katika vita visivyokwisha. Vile vidole hufupika na kulala. Taulo linakuwa khanga. Chakula kinapita juu yake kinateleza kwenda zake, na nguvu kidogo iliyoingia mwilini inatumika kupigana vita badala ya kurefusha mifupa.

Hayo si maneno ya kutisha watu. Kuanzia mwaka 2009, Haydom, mkoani Manyara, palikuwa mahali pamoja kati ya manane duniani ambapo watoto walifuatiliwa tangu kuzaliwa ili kujua kwa nini hawakui. Ilionekana kwamba watoto wengi walikuwa na vijidudu katika choo hata siku ambazo hawakuharisha, na waliobeba vijidudu vya namna fulani kwa wingi walikua polepole zaidi.

Ni lazima pia tuseme kweli yote. Tafiti kubwa za Kenya na Zimbabwe, zilizochapishwa mwaka 2018 na 2019, zilionyesha kwamba vyoo bora na ndoo za kunawia peke yake havikuwafanya watoto warefuke. Walioongezewa chakula chenye virutubisho ndio waliorefuka, tena kwa kiasi kidogo. Maana yake ni kwamba uchafu unaozunguka nyumba zetu ni mwingi kuliko tunavyofikiri, na kwamba usafi na chakula ni lazima viende pamoja. Mkono mmoja haulei mwana.

KIKOMBE KIMOJA TU

Turudi kwa mtoto wetu wa tumbo kama ngoma. Tulimwuliza mama yake, "Anakula nini?"

"Uji wa mahindi, Nesi. Asubuhi na mchana. Jioni anakula ugali na sisi."

Tumbo la mtoto mdogo hubeba kama mililita 30 kwa kila kilo ya uzito wake. Mtoto wa kilo nane basi hujaa kwa mililita 240, yaani kikombe kimoja cha chai. Unga wa mahindi ukipikwa hufyonza maji na kuvimba. Ukiweka unga wa kutosha, uji unakuwa mzito na mtoto anaukataa, kwa hiyo mama anaongeza maji mpaka unyweke. Kikombe kinajaa, na mtoto ameshiba kweli, lakini ameshiba maji. Kwa milo miwili au mitatu ya namna hiyo hawezi kukua hata kama ghala lina magunia 100.

Dawa ya tatizo hili tunayo majumbani, nayo ni kimea. Wapendwa, msishtuke! Tunajua kwamba kimea cha ulezi ndicho kinachotengeneza kimpumu, na wengine mtasema nesi wa kanisani anatufundisha nini. Lakini punje inapoota hutengeneza kimeng'enya kama kile cha mate yetu. Ukikitia katika uji mzito, kinaanza kuvunja wanga ndani ya sufuria, na uji unakuwa mwepesi bila kuongezwa maji. Mwaka 1983 watafiti A. C. Mosha wa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania na Ulf Svanberg wa Sweden walichapisha utafiti kuhusu jambo hili hili. Kwa kimea kidogo tu, mama anaweza kuweka unga mara mbili au zaidi katika kikombe kile kile, na mtoto akaunywa bila shida.

Namna ya kufanya ni hii:

1. Chagua ulezi safi, uoshe, uloweke usiku mmoja.
2. Mwaga maji, tandaza ulezi kwenye chombo safi, ufunike kwa kitambaa chenye unyevu kwa siku mbili au tatu mpaka uchipue. Ukiota ukungu, utupe wote.
3. Anika juani mpaka ukauke kabisa. Sugua uondoe vichipukizi, pepeta, saga. Usiukaange, maana moto unaua kile kimeng'enya.
4. Pika uji mzito wa kusimamisha mwiko. Ipua, uache upoe kidogo, kisha tia kijiko kimoja kidogo cha kimea kwa kila kikombe cha uji na ukoroge. Baada ya dakika chache utaona umelainika.
5. Rudisha motoni uchemke tena, ili vijidudu vife.

Tumieni ulezi, msitumie mtama, kwa sababu vichipukizi vya mtama vina sumu. Mahindi ya uji nayo yachaguliwe. Punje zilizooza au kuota ukungu huweza kuwa na sumukuvu, ile iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016.

Kimea peke yake hakitoshi. Katika uji huo tia kijiko cha karanga zilizosagwa au mafuta ya alizeti. Siku nyingine ongeza yai, au maziwa, au usipa wa Ziwa Nyasa uliokaushwa na kutwangwa ukawa unga. Parachichi lililopondwa ni chakula cha mtoto kisichohitaji hata moto, nasi tunayauza yote kwa wageni!

Ratiba ni hii. Hadi miezi sita, maziwa ya mama peke yake, bila hata maji. Miezi sita hadi minane, milo miwili hadi mitatu kwa siku. Miezi tisa hadi ishirini na minne, milo mitatu hadi minne, na kitu kidogo cha kula katikati mara moja au mbili. Kunyonya kuendelee mpaka miaka miwili au zaidi.

MAHARAGE, CHAI NA CHUNGWA

Wageni wengine hufika mlangoni wakiwa wamefungwa kamba. Mahindi na maharage yana madini ya chuma na zinki, lakini yana pia kitu kiitwacho faiteti kinachoyakamata madini hayo yasipite. Kuloweka maharage usiku kucha na kumwaga maji yake hupunguza kamba hizo. Kuchachusha na kuotesha nako hupunguza. Ndiyo maana togwa ya wazee wetu ilikuwa na hekima. Watafiti wa Tanzania katika miaka ya 1990 waliona pia kwamba watoto waliopewa uji uliochachushwa walikutwa na vijidudu vichache vya kuharisha. Togwa ya mtoto iwe mpya na safi, kabla haijaelekea kuwa pombe.

Chungwa, limau, pera au mboga za majani zisizoiva mno, zikiliwa pamoja na maharage, husaidia madini ya chuma kupita. Chai ya rangi inayazuia. Sisi wa Rungwe na Mufindi tunalima chai, na kumpa mtoto chai na kiazi tunaona ni kifungua kinywa kamili. La hasha. Mtoto mdogo asipewe chai. Mama mjamzito naye ainywe saa moja au mbili baada ya kula, si pamoja na chakula.

ANAPOHARISHA

Kwa mtu mzima, kila siku lita nane hadi tisa za majimaji hupita utumboni, nyingi zikiwa zimetoka mwilini mwenyewe kama mate, nyongo na maji ya kongosho. Karibu zote hurudishwa ndani, na chooni hutoka chini ya robo lita. Kuharisha maana yake marejesho hayo yameshindikana. Kwa mtoto mdogo, saa chache tu zinatosha kumkausha.

Lakini Mungu ameacha mlango mmoja mdogo wazi. Katika ukuta wa utumbo kuna mahali ambapo sukari na chumvi zikifika pamoja hupita, na maji huzifuata, hata mgonjwa akiwa na kipindupindu. Mwaka 1971, katika kambi za wakimbizi wa vita vya Bangladesh, daktari Dilip Mahalanabis aliishiwa na maji ya mishipa. Akawapa watu maji ya sukari na chumvi wanywe, na vifo vikapungua sana. Hiyo ndiyo siri ya pakiti ya ORS. Ukikosa pakiti, chukua lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa bapa. Usizidishe chumvi. Mpe kidogo kidogo, mara kwa mara. Endelea kunyonyesha na kumlisha, usimfungishe. Omba pia vidonge vya zinki, vinavyotolewa kwa siku 10 hadi 14 kujenga upya lile taulo.

Akiwa na damu kwenye choo, macho yameingia ndani, anatapika kila kitu, au amelegea hawezi kunywa, usingoje kupambazuke. Nenda hospitali.

MIKONO MIWILI YA MAMA HAITOSHI

Tukiishia hapa tutakuwa tumemwongezea mwanamke mzigo. Yeye ndiye anayelima, anayechota maji, anayetafuta kuni, na sasa tunamwambia alishe mara nne na aoteshe ulezi!

Katika mkoa wa Iringa wa zamani, uliokuwa na Njombe ndani yake, ulianza mwaka 1983 mpango wa lishe wa serikali, UNICEF na WHO, kwa msaada wa Italia, katika vijiji 168. Watoto walipimwa kijijini, na wanakijiji wenyewe walikaa kujadili kwa nini fulani hakui. Waligundua kwamba mara nyingi chakula kilikuwepo, ila mama hakuwa na muda wa kulisha. Wakapanga mahali pa kulishia watoto mama akiwa shambani, na wanaume nao wakaitwa kwenye mazungumzo. Kabla ya miaka kumi kupita, utapiamlo mkali katika vijiji hivyo ulikuwa umepungua kwa zaidi ya nusu. Leo Iringa imerudi kuongoza kwa udumavu. Tunajifunza kwamba kazi hii haimaliziki kwa mpango mmoja. Ni kama kupalilia.

Vikundi vyetu vya akina mama kanisani vinaweza kuanza. Akina mama watano wanaokaa jirani wanaweza kuotesha ulezi kwa zamu na kumwachia mmoja wao watoto wakati wa kupalilia. Baba anaweza kujenga uzio wa kuku na kumimina uji kikombeni. Hakuna andiko linalomkataza.

BIBI NA SUFURIA YAKE

Siku ile, baada ya maji kumwagwa juu ya taulo, bibi alikaa kimya muda mrefu. Kisha akauliza, "Kwa hiyo maziwa ya mama hayaharibiki?"

Tulimjibu kwamba maziwa hutengenezwa kwenye matiti kutokana na damu ya mama, na tendo la ndoa haliyafikii. Tukamwambia pia kwamba wazee waliona jambo la kweli: mimba ikiwahi na mtoto akaachishwa ziwa mapema, anateseka. Hilo linatibiwa kwa uzazi wa mpango, si kwa shutuma. Na mtoto asiyekua ni vizuri apimwe minyoo, kifua kikuu na virusi vya UKIMWI, bila kumnyooshea mtu kidole. Dawa ya minyoo, kuanzia mwaka mmoja, na matone ya vitamini A, kuanzia miezi sita, hutolewa mara mbili kwa mwaka. Msiikose nafasi hiyo.

Walirudi kila mwezi. Baada ya miezi mitano mtoto alikuwa ameongezeka kilo moja na nusu, amesimama na kutembea. Urefu aliopoteza haukurudi wote, nasi hatukumficha mama yake, ila mstari kwenye kadi ulikuwa unapanda tena. Mwezi ule aliyembeba alikuwa bibi mwenyewe. Alitoa kwenye kikapu mfuko mdogo wa kimea, akasema, "Nesi, mwanangu, hiki nimeotesha mimi. Mkwe wangu yuko shambani." Halafu, kabla ya kuondoka, akasema taratibu, "Nilimwomba radhi."

Katika Injili ya Marko sura ya 5, Bwana Yesu alipomfufua binti Yairo, jambo la mwisho aliloagiza lilikuwa binti huyo apewe chakula. Aliyekwisha kushinda mauti hakudharau kazi ya jikoni. Mungu atusaidie tusiidharau nasi.

Ya kujadili katika vikundi:

1. Katika mtaa wetu, mtoto asipokua hulaumiwa nani? Sisi tufanye nini?
2. Mtoto wako alikula mara ngapi jana, na katika kikombe chake mlikuwa na nini zaidi ya unga na maji?
3. Ni kazi gani moja ya mama ambayo baba au jirani anaweza kuichukua wakati wa kilimo?